Je, wajua kwa nini ngoma ya lelemama iliogopwa Mombasa?

Ukimuuliza bibi wa Kibokoni au Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, lelemama ni nini, atakwambia ni ngoma ya harusi: wanawake wamepanga safu, wamevaa sare, mikono inakwenda polepole kwa madaha. Ni kweli. Lakini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ngoma hiyo iliwatia watu tumbo joto, na sababu ni maneno ya nyimbo zake.

Chama cha lelemama kikinusa kwamba fulani ana jambo la siri, tuseme hawara, kilimtungia wimbo. Jina halikutajwa. Fumbo lilitosha, mtaa mzima ukaelewa, naye mhusika yuko papo hapo ukumbini anajikaza asikunje uso. Ashtaki nini? Akilalamika, amekiri.

Kwa nini ngomani na si kwingineko? Barazani walikaa wanaume. Liwali mwanamume, kadhi mwanamume. Mwanamke alikuwa na mali, lakini hakuwa na kiti cha kuamulia mambo ya mji. Na hiyo mali ndiyo siri yenyewe: sheria ya Kiislamu humwachia mwanamke mahari yake, urithi wake na nyumba yake, mume hana fungu humo. Kwa hiyo pesa za karamu zilikuwepo. Vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana kwa sare, kwa nyimbo na kwa pilau, na mwanachama alijipatia cheo kwa kuwalisha wenzake. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907, na wanawake wa asili ya utumwa nao waliingia humo wakatafuta jina, ingawa mabibi wa koo kubwa hawakuacha kuwatazama kwa jicho la pembeni.

Mimi ngoma hiyo siiiti ukombozi. Mara nyingi aliyeumbuliwa kwa wimbo alikuwa mwanamke mwenzao, kwa kosa ambalo mwanamume angelifanya akapita zake. Lakini kukusanyika, kuchanga, kuchagua viongozi na kumkabili mpinzani hadharani, hayo waliyazoea humo. Katika miaka ya 1950 vyama vya maendeleo vya wanawake Waislamu vilianza kuchukua nafasi ya ngoma. Mwaka 1958 wanawake Waarabu wa Mombasa, walionyimwa kura ilhali wanawake wa jamii nyingine Kenya walishapewa, waliiandikia serikali ya kikoloni kuidai.