"Jock" wa Kimarekani hana farasi

Kila kundi jipya la wanafunzi wa tafsiri huja na kosa lilelile: mchezaji wa timu ya shule katika filamu ya Kimarekani anaitwa "jock", na manukuu ya Kiswahili yanasema "joki". Kijana ambaye hajawahi kugusa hatamu anageuzwa mpanda farasi.

Dhana: "Jock" ni kifupi cha "jockey".

Kwa maana ya mwanamichezo, sivyo kabisa. Neno limekatwa kutoka "jockstrap", vazi la ndani la wanamichezo wa kiume: mkanda mpana wa lastiki kiunoni, kifuko cha mbele cha kubana sehemu za siri zisining'inie, na mikanda miwili inayopita chini ya makalio. C. F. Bennett wa kampuni ya Sharp & Smith ya Chicago alilibuni mwaka 1874 kwa ajili ya waendesha baiskeli wa Boston, waliokuwa wakiteswa na barabara za mawe. Vazi likaenea kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, jina lake likafupishwa, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani walikuwa wakimwita mvaaji kwa jina la vazi.

Na "jock" iliyomo ndani ya "jockstrap"? Ni neno la mitaani la Kiingereza cha karne ya 17 lenye maana ya uume. Farasi yuko wapi hapo?

Kosa halifi kwa sababu maneno haya yanafanana, na huenda yana babu mmoja. Jock ni namna ya Waskoti ya kutamka Jack, jina la mtu yeyote wa kawaida. "Jockey" ni Jock mdogo, kijana, ambaye baadaye akawa mpanda farasi wa mashindano. Kwa hiyo huenda ni binamu, lakini si baba na mwana. Kampuni ya Coopers nayo iliongeza mkanganyiko mwaka 1935 ilipoziita chupi zake mpya Jockey.

Kabla ya kutafsiri, angalia mambo matatu. Ikiwa ni mbio za farasi au redio, hapo kweli ni kifupi cha "jockey", ileile J ya "DJ". Ikiwa ina herufi kubwa na msemaji ni Mwingereza, anatajwa Mskoti, na wengi wao hawapendi kuitwa hivyo. Ikiwa ni shule au chuo cha Marekani, ni mwanamichezo.

Dhana: Ni sifa kwa mwanamichezo yeyote.

Mara nyingi ni kejeli: mwenye misuli, maarufu, asiyejali vitabu. "Mwanamichezo" peke yake halibebi dharau hiyo. Andika "hawa wa mpira tu" au "misuli mitupu", kulingana na anayesema. Mcheza tenisi ya meza haitwi hivyo kwa urahisi.

Dhana: Ni neno la wanaume pekee.

Lilianza hivyo. Siku hizi wanawake nao huitwa.

Dhana: "Jock itch" ni ugonjwa wa wanamichezo.

Ni fangasi wa kinena, humpata yeyote anayekaa na jasho na nguo zinazobana, hata dereva wa lori. Kwenye karatasi ya maelezo ya dawa andika "fangasi wa kinena" na umwache mwanamichezo nje, maana msomaji asiyecheza mpira ataona dawa hiyo haimhusu.