Kabla ya Sindano, Kunja Ndita Kwanza

Mgonjwa akiniambia, "Daktari, nataka Botox," yaani ile sindano ya kupunguza makunyanzi ya uso, sikimbilii sindano. Namsogeza dirishani kwenye mwanga wa mchana, nampa kioo cha mkononi, namwomba akunje ndita kama mtu aliyeudhika, kisha alegeze uso. Halafu acheke, alegeze tena. Ninachokitafuta ni kile kinachobaki uso ukishatulia.

Mstari unaotokea ukikunja ndita na kupotea ukilegeza ni kazi ya misuli. Ule unaobaki palepale hata ukiwa usingizini umeshaingia kwenye ngozi yenyewe: kolajeni, protini inayoishikilia ngozi, imepungua, jua limefanya kazi yake. Na lile bonde linaloshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo mara nyingi si kunyanzi kabisa, ni shavu lililoteremka baada ya mafuta na mfupa wa chini yake kupungua. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina tiba yake. Anayekuuzia sindano ya aina moja kwa yote matatu hajakutazama.

Mimi ni daktari wa ngozi hapa Dar es Salaam, nina miaka 51, na wengi wanaonijia kwa suala hili ni wanawake wa rika langu. Sipingi tiba hizi, nazitoa mwenyewe. Ninachopinga ni mtu kuamua akiwa kwenye simu saa sita usiku, halafu kesho yake mchana akawa ameshachomwa.

Umri wetu una mambo yake. Kolajeni hupungua taratibu tangu ujana, takriban asilimia 1 kwa mwaka. Hedhi ikikoma, kasi hubadilika: katika miaka 5 ya kwanza ngozi ya mwanamke inaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake. Wanaoniambia, "Nimezeeka ghafla mwaka huu," hawatii chumvi. Lakini huo ndio pia mwaka ambao wengi wao hawalali kwa sababu ya joto la usiku, wanauguza wazazi, wanasomesha. Mtu asiyelala, uso wake unasema. Nikimpata wa namna hiyo, namshauri tutibu kwanza joto na usingizi, uso tuutazame tena baada ya miezi 3. Wapo wanaorudi wakiwa wameshabadili ombi lao.

Sasa tuje kwenye ngozi zetu, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, na tabaka lake la ndani ni nene, hivyo makunyanzi huchelewa, mara nyingi kwa takriban miaka 10 ukilinganisha na ngozi nyeupe. Kwetu kinachotangulia ni rangi: mabaka mashavuni, weusi kuzunguka macho, paji la uso lisilofanana na kidevu. Mtu ananionyesha picha yake akilalamikia makunyanzi, nami naona mabaka. Mabaka yakififia, anaonekana mdogo bila mstari hata mmoja kuguswa.

Fani yenyewe ilianza ikitazama ngozi nyingine. Jedwali la Fitzpatrick, linalotumika duniani kote kugawa aina za ngozi, lilitungwa mwaka 1975 kwa ajili ya watu weupe; ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye. Leza, mashine ya mwanga mkali inayotumika kutibu ngozi, huwinda melanini, na kwetu melanini iko kila mahali. Ikipigwa vibaya inaunguza, na ngozi yetu ikiungua hujibu kwa weusi unaoweza kukaa miezi au miaka, au kwa kovu linalovimba. Ipo leza yenye mawimbi marefu, Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo ni salama zaidi kwetu kwa sababu inazama chini bila kunaswa sana na melanini ya juu. Kwa hiyo ukiambiwa, "Tutakupiga leza," uliza ni leza gani, na uombe kuona picha za watu wa rangi yako waliotibiwa kwa mashine hiyohiyo. Tahadhari iwe ileile kwa dawa kali za kubabua ngozi.

Kuna kundi moja linaloniumiza moyo. Ni wale waliotumia mkorogo kwa miaka. Krimu zinazochanganywa dukani na kuwekwa kwenye kikopo kisicho na lebo mara nyingi zina steroidi kali kama betamethasoni au klobetasoli, nyingine zina haidrokwinoni, dawa ya kufifisha rangi ya ngozi, au zebaki. Steroidi ikipakwa usoni kila siku huikonda ngozi hadi mishipa ya damu inaonekana kama nyuzi nyekundu, na ngozi iliyokonda hujikunja kama karatasi. Mtu wa miaka 42 anafika na makunyanzi ya mtu wa 65, anaomba sindano. Simchomi. Makunyanzi yale yametoka kwenye kikopo, na tiba ya kwanza ni kukiacha kikopo, tena chini ya uangalizi, kwa sababu ukiacha ghafla uso huwaka, huwasha na kutoa vipele kwa wiki au miezi. Wengi hukata tamaa hapo na kurudia krimu. Zebaki nayo huingia mwilini na kuharibu figo. Tangu mwaka 2019 udhibiti wa vipodozi nchini uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lakini hakuna mkaguzi anayeweza kusimama kwenye kila meza ya kujipambia. Kwa hiyo naomba nianze kwa kuona kilichopo mezani kwako.

Nina kosa langu ambalo humsimulia kila daktari kijana anayetaka kujifunza kazi hii. Miaka mingi iliyopita alinijia mwalimu wa shule ya msingi, miaka 54, mwenye mistari mitatu mirefu kwenye paji la uso. Alikunja, akalegeza, mistari ikafifia. Misuli, nikasema moyoni, nikachoma paji lote. Sikujiuliza kwa nini misuli ile ilikuwa inafanya kazi kutwa nzima. Kope zake za juu zilikuwa zimeshalegea kwa umri, na bila kujijua alikuwa akiinua nyusi asubuhi hadi jioni ili aone vizuri. Nilipoilaza ile misuli, nyusi zikashuka, kope zikazifuata. Alirudi siku ya 10.

"Daktari, watoto darasani wananiuliza, mwalimu umelia?"

Dawa ile ikishaingia kwenye misuli huwezi kuitoa. Tulisubiri pamoja karibu miezi 3. Nilimwomba radhi, na nikamrudishia fedha zake, ila miezi ile sikuweza kumrudishia. Tangu hapo kila aliyevuka miaka 45 namfumbisha macho, naweka kidole juu ya nyusi zake kuzituliza, kisha namwambia afumbue. Akishindwa kufumbua vizuri bila kuinua nyusi, paji lake siligusi, hata alipe mara mbili. Ukienda kwa mtu asiyekufanyia kipimo hiki cha sekunde 10, mwombe akufanyie.

Nieleze kidogo dawa yenyewe, kwa kuwa wengi huiogopa kwa sababu zisizo sahihi na kuizoea kwa sababu zisizo sahihi. Botox na dawa za jamii yake hutokana na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ileile inayoua watu kupitia chakula cha kopo kilichoharibika, ila kwa kipimo kidogo mno. Inaziba njia ambayo neva hutumia kuiamuru misuli ijikaze. Haijazi kitu wala kuvuta ngozi. Ilianzia kwenye macho: Alan Scott, daktari wa macho wa San Francisco, aliitumia kunyoosha makengeza, na Marekani ikaidhinisha matumizi hayo mwaka 1989. Kabla ya hapo, mwaka 1987, daktari mwingine wa macho, Jean Carruthers wa Vancouver, alikuwa akimtibu mwanamke ambaye kope zake zilikuwa zikijikaza zenyewe. Mwanamke huyo alilalamika siku aliyorukwa sindano ya katikati ya nyusi, kwa kuwa aligundua ikimpa uso uliotulia. Idhini ya kutuliza ndita ilitoka mwaka 2002. Kipimo cha kawaida hapo ni yuniti 20 za Botox, zikigawanywa sehemu 5 za kuchoma. Matokeo huanza baada ya siku chache, hukamilika wiki ya 2, na hudumu miezi 3 hadi 4. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa unaodhoofisha misuli asichomwe.

Miezi 3 hadi 4. Hapo ndipo uamuzi wa fedha ulipo. Usiulize bei ya sindano, uliza bei ya mwaka, kisha ya miaka 5, halafu iweke kando ya ada za shule na bima ya afya. Kuacha hakukuzeeshi zaidi. Uso hurudi ulipokuwa. Bei ya chini sana nayo inatisha. Dawa hii hutunzwa kwenye baridi, nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ile iliyokuja kwenye mkoba kutoka Dubai haina wa kuisemea. Mwaka 2024 nchini Marekani watu 22 katika majimbo 11 waliripotiwa kudhurika baada ya kuchomwa dawa bandia au kuchomwa na watu wasio na sifa, wengine mahali ambapo si hospitali. Ukianza kuona vitu viwili viwili, kumeza kwa shida au kuishiwa pumzi baada ya sindano, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Fila ni kitu kingine. Hizo hujaza, na zinazotumika sana zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wetu unacho. Hukaa miezi 6 hadi 18 kutegemea aina na mahali. Hatari yake kubwa ni moja: ikiingia kwenye mshipa wa damu huuziba, ngozi ikafa, na kwenye pua na katikati ya nyusi inaweza kumpofusha mtu. Uzuri ni kwamba ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidezi, lakini lazima iwepo chumbani siku hiyo, si kuagizwa kesho. Muulize anayekuchoma, "Hayaluronidezi unayo hapa?" Akibabaika, vaa viatu vyako. Silikoni ya maji usikubali kwa bei yoyote, hiyo haiyeyuki.

Wagonjwa wangu Waislamu huniuliza kama sindano hizi zinafaa kidini. Fatwa si kazi yangu, namwachia shehe wake. Kazi yangu ni kumpa taarifa za kupeleka kwake: Botox na nyingine kadhaa zina albumini, protini inayotolewa kwenye damu ya binadamu. Wengine huridhika, wengine huacha, na wote nawaheshimu.

Mume akija na mkewe, na ikawa mume ndiye anayeonyesha kwa kidole pa kuchoma, namwomba atupishe kidogo. Nimeshasikia mengi katika dakika hizo 5, na mara kadhaa zimeishia bila sindano.

Kitu ninachokiamini zaidi ya vyote hakina sindano. Nambour, mji wa Queensland huko Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 kwa miaka 4 na nusu. Waliopangiwa kupaka sanskrini, krimu ya kukinga jua, kila siku ngozi zao hazikuonyesha kuzeeka zaidi katika muda huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Wale walikuwa na ngozi nyeupe, na sisi tuna kinga yetu, lakini jua letu la karibu na ikweta si la mchezo, na mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza mabaka kwenye ngozi nyeusi. Ndiyo maana huwachagulia wagonjwa wangu sanskrini ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, yenye rangi ya kahawia inayotokana na oksidi ya chuma. Wanaoendesha magari wasisahau kwamba miale ya jua iitwayo UVA hupenya kioo cha dirisha. Dereva kwetu anakaa kulia. Mtazame dereva wa siku nyingi, shavu la kulia mara nyingi limetangulia la kushoto.

Usiku, tretinoini. Ni krimu ya dawa yenye ushahidi mrefu kuliko karibu kila kitu kwenye rafu za vipodozi, na ndiyo ninayoitumia mwenyewe. Kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima, asilimia 0.025, usiku 2 kwa wiki kwanza, kisha ongeza taratibu. Ukiwa na pupa itakuchubua, na kwa ngozi yetu mchubuko ni baka jipya. Ipe miezi 3 hadi 6 kabla ya kuihukumu. Anayeweza kupata mimba azungumze na daktari kwanza, na miaka 46 bado ni umri wa mimba.

Ukija kwangu, njoo bila poda wala wanja. Leta picha yako ya miaka 10 iliyopita, ya kitambulisho au ya harusi ya ndugu, ilimradi haikupitishwa kwenye programu ya kulainisha uso. Na leta mfuko wenye kila unachopaka, hata kile kikopo ulichopewa na jirani, hata kisicho na jina. Tutavipanga mezani kimoja kimoja kabla sijakupa kioo.