Kilo 4 Si Wiki 39

Wiki hii nimeambiwa tena, hapahapa Kisumu, na safari hii ni mama mkwe aliyeshika karatasi ya skani: "Daktari, mtoto ana kilo 4, mapafu yameshakomaa. Mbona hamumtoi?"

Mama, kwa heshima: mjamzito ana kisukari. Sukari yake huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, insulini yake haivuki. Kongosho la mtoto hulazimika kumwaga insulini yake lenyewe, na hiyo ndiyo inayomnenepesha mabega na tumbo. Insulini hiyohiyo huipinga kotisoli, homoni inayoziamsha seli za mapafu zitengeneze surfaktanti, ule utelezi unaozuia mapafu yasisinyae. Kwa hiyo kinachoongeza kilo ndicho kinachochelewesha mapafu.

Kinachoniudhi zaidi ni tarehe. Mtu hakumbuki hedhi ya mwisho, anaanza kliniki tumbo likiwa kubwa, anapigwa skani, karatasi inasema wiki 38. Basi, imeandikwa! Lakini skani hiyo haijui umri. Imepima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, ikalinganisha na watoto wa kawaida. Hata mtoto wa kawaida, miezi mitatu ya mwisho, inaweza kumkosea wiki 3 hivi, mbele au nyuma. Huyu wetu tumbo limejaa mafuta, kwa hiyo huelekea kuongezewa umri. Hizo 38 zaweza kuwa 35, na tofauti hiyo utaiona mtoto akianza kuguna na mbavu kuingia ndani kila akivuta pumzi, akiwa wodi ya watoto wachanga. Nileteeni skani ya kabla ya wiki 14, hata kama karatasi imechakaa. Na msiniambie kondo ni gredi 3, yaani skani inaonyesha limezeeka. Kondo halisomi mapafu.

"Si mpime maji ya uzazi, mjue kama mapafu yamekomaa?" Tulipima zamani. Tangu kazi ya mtafiti Gluck mwaka 1971, uwiano wa lesithini na sfingomielini, mafuta mawili yaliyomo kwenye maji hayo, wa 2 kwa 1 ulihesabiwa salama. Kwa wenye kisukari, baadhi ya watoto walishindwa kupumua hata uwiano ukiwa umefika, ndipo wataalamu wakadai pia fosfatidiligliseroli, mafuta mengine ya surfaktanti, ambayo kwao huchelewa. Leo kipimo hicho karibu kimeachwa. Presha ikipanda au sukari ikikataa kushuka, tunazalisha. Kama hakuna sababu, majibu ya maji hayageuki kuwa sababu.

Nikiri kitu: sukari ikidhibitiwa vizuri, mapafu huenda hayacheleweshwi sana. Hofu yetu kubwa ilitokana na enzi za sukari iliyoachwa holela.

Deksamethasoni, sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, miligramu 6 kila saa 12 mara 4, naitoa kabla ya wiki 34 bila kusita, ila sukari itapanda siku kadhaa, kwa hiyo mama alazwe na insulini iongezwe. Baada ya 34 nasita. Jaribio kubwa la Marekani la 2016, la dawa ya aina hii baada ya wiki 34, liliwaacha nje wenye kisukari cha kabla ya mimba, na watoto waliopata dawa walishukwa na sukari zaidi. Wa kwetu huzaliwa tayari wakiwa na hatari hiyohiyo.