Dawa inayopungua ukiitazama

Wanaotaka kusomea teknolojia ya tiba ya nyuklia, yaani kupima na kutibu kwa dawa zenye mionzi, huniuliza kwanza kuhusu fizikia. Ngumu, ndiyo, lakini inasomeka. Mimi nilitolewa jasho na saa ya ukutani.

Vipimo vyetu vingi hutumia teknetiamu-99m, dawa yenye mionzi ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni saa 6. Ukivuta megabekereli (kizio cha kupimia mionzi ya dawa) 800 saa 2 asubuhi, ikifika saa 8 mchana zimebaki 400, hata kama hakuna aliyeligusa bomba la sindano. Mgonjwa wa saa 4 akija saa 5, zile 600 ulizomwekea zimeshashuka hadi kama 535. Hesabu hiyo unaifanya huku simu inalia na mgonjwa mwingine anagonga mlango.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kuandika kiasi cha dawa kwenye lebo bila kuandika saa. Msimamizi akaitazama, akaniuliza, "Hii ni ya lini?" Nikabaki kimya. Tukapima upya. Lebo isiyo na saa ni karatasi tu.

Dawa yenyewe tunaikamua asubuhi kutoka kwenye jenereta, chombo kizito cha madini ya risasi chenye molibdenamu-99 inayogeuka teknetiamu polepole. Unapitisha maji ya chumvi, teknetiamu inatoka nayo, molibdenamu inabaki. Inapaswa kubaki, ndiyo maana tunapima kama imepenya kabla ya mgonjwa yeyote kudungwa.

Jambo lililonichukua muda kulizoea ni kwamba mashine ya eksirei ukiizima, mionzi imekoma. Kwetu, baada ya sindano, mionzi inatoka kwa mgonjwa. Kamera ya gama, inayopiga picha, haitoi mionzi, inaipokea tu. Kwa hiyo maelezo yote nayatoa kabla ya kudunga: kwamba picha za mifupa zitasubiri kwa muda wa saa 2 hadi 4 baada ya sindano, anywe maji ya kutosha, akojoe kabla ya kulala kitandani, maana kibofu kilichojaa huficha nyonga. Nikishadunga nasogea. Kutoka mita 1 hadi 2, mionzi inayonifikia hushuka hadi karibu robo.

Na sindano? Bomba huvikwa ala nzito ya kukinga mionzi, mkono unachoka, na alama unaziona kupitia kidirisha chembamba tu. Nilifanya mazoezi kwa maji matupu wiki kadhaa kabla ya kuruhusiwa kushika dawa yenyewe.