Msumeno una mwendo wake

Wiki iliyopita nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana kutoka Ganda, hapa karibu na Malindi. Amenunua injini kuukuu ya lori, silinda nne, iliyotolewa kwenye gari lililooza chesisi, na anataka kupasulia minazi ya babake iliyoacha kuzaa. Hajakaa hata kwenye benchi: "Fundi, nikiifunga moja kwa moja kwenye shafti ya msumeno, si itakuwa na kasi ya ajabu?" Nikamwambia, mwanangu, keti kwanza. Hesabu hiyo hiyo nimewapigia watu wa Mambrui na wa Gongoni, na mmoja alinipigia simu kutoka Mokowe kwa jambo lilo hilo. Kila mara naanza upya. Sasa naiandika.

Watu wanaamini kwamba msumeno ukienda mbio zaidi unakata zaidi, na mti ukigoma dawa ni kuongeza mafuta. Si kweli. Sahani ya msumeno ina mwendo wake, na mwendo huo unapimwa kwenye ncha za meno. Kwa sahani ya chuma ya kawaida, meno yanataka kupita kwenye mti kwa mita 45 hadi 50 kwa sekunde. Chukua sahani ya kipenyo cha sentimita 90. Mzingo wake ni mita 2.83. Ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, meno yanakwenda mita 47 kwa sekunde, na hapo ndipo penyewe. Sahani ya sentimita 60 inataka mizunguko kama 1,500. Ya sentimita 120 inatosheka na 750. Sahani kubwa inazunguka polepole kuliko ndogo, na hili ndilo watu wanalolikataa nikiwaambia ana kwa ana.

Sasa ifunge hiyo ya sentimita 90 kwenye krenki ya injini inayofika mizunguko 3,000. Kasi imekuwa mara 3, lakini nguvu inayotaka kuirarua sahani imekuwa mara 9, kwa sababu nguvu hiyo hupanda kwa kipeo cha pili cha kasi. Tena sahani ya kupasulia magogo haiko bapa tupu kama sinia. Fundi wa sahani huigonga kwa nyundo sehemu ya kati, akailegeza kidogo, ili ikizunguka kwa mwendo wake ukingo uvutike na yote ikae sawa. Ukiipa mwendo ambao haikugongewa, uwe mkubwa au mdogo, inayumba. Ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule, na mwenye mashine anamlaumu msukuma gogo.

Puli, yale magurudumu ya mkanda unaotoa mwendo kwenye injini kuupeleka kwenye msumeno, ni hesabu ya darasa la sita. Injini ikikaa kwenye 1,500 na unataka msumeno uende 1,000, puli ya injini iwe sentimita 20 na ya msumeno sentimita 30. Basi. Acha klachi na giaboksi palepale, tumia gia ile ambayo shafti ya kutokea inazunguka sawa na ya kuingilia. Utawasha injini bila mzigo, na utakuwa na frii ya kupumzikia. Usikae umekanyaga klachi kwa kigingi huku unapanga gogo, beringi yake haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nije kwenye gavana, kile kifaa cha kuushika mwendo wa injini. Hapa napoteza subira, maana hata mafundi wenzangu wanapita juu juu. Ndani ya pampu ya dizeli kuna vipande vya chuma vinavyozunguka, na springi inayovirudisha. Injini ikienda mbio vinatanuka na mafuta yanapungua. Ikilemewa vinarudi ndani, springi inasukuma, mafuta yanaongezeka. Vizuri. Lakini pampu nyingi za malori zimetengenezwa zikijua kuna dereva. Gavana yake inashughulika na miisho miwili tu: injini isizime ikiwa haijakanyagwa, na isipite kikomo cha juu. Hapo katikati pote pameachiwa mguu wa mtu. Ya trekta au ya jenereta haiko hivyo. Ukiiwekea 1,500, inaishika hiyo 1,500, mzigo uje au uondoke, na tofauti yake ni ndogo.

Sasa angalia kinachotokea shambani. Umefunga mkono wa mafuta kwa waya, injini inavuma kwenye 1,500. Gogo la mwembe linaingia, meno yanauma, injini inashuka mpaka 1,100. Mguu wa dereva haupo. Meno yanaacha kukata, yanaanza kusugua. Ukingo wa sahani unapata moto, unatanuka, sahani inaanza kucheza. Mara gogo linaisha. Mzigo umetoka ghafla, mafuta yako palepale, na injini inapaa mpaka kikomo. Mwenye mashine akisikia ule mvumo anafurahi: "Sikia nguvu hiyo!" Hapana, baba. Hiyo ni injini isiyo na wa kuishika, na mikono ya watu iko karibu na sahani.

Ukitaka kujua kama msumeno wako unashika mwendo, wacha masikio. Chota unga wa mbao chini ya sahani, uufikiche. Msumeno unaokata unatoa chembe, unazihisi moja moja kiganjani kama pumba za mchele. Msumeno uliopoteza mwendo au makali unatoa unga laini unaonata kwenye jasho, wenye rangi iliyokoza, na unanusa kama mkate ulioungua. Kule Ganda tulipojaribu na mkanda wa kuazima, kijana alinishikia mkono wake uliojaa unga wa namna hiyo kutoka kwenye gogo la tatu. Injini ilikuwa ingali inavuma vizuri.

Kwa hiyo, kama bado hujanunua, tafuta injini ya trekta hata kama ina nguvu ndogo. Perkins ya silinda tatu iliyokuwa ikifungwa kwenye Massey Ferguson 135 inanifaa mimi kuliko injini ya lori yenye nguvu maradufu. Lister CS 6/1, ile ya vinu vya kusaga yenye flaiwili mbili nje, yale magurudumu mazito, ina nguvu za farasi 6 tu kwa mizunguko 650, na nimeiona ikipasua mwembe kwa sahani ndogo kutwa nzima. Ilikwenda taratibu, lakini mbao zilitoka sawa. Na kama umeshanunua ya lori, mpelekee fundi wa pampu, sio fundi wa injini, akutafutie pampu ya injini hiyo hiyo iliyokuwa kwenye jenereta.

Ipo njia nyingine, ya kuipeleka injini mpaka kikomo chake cha juu, ambako gavana ya lori inafanya kazi, halafu kupiga hesabu ya puli kutoka hapo. Nilifanya hivyo Mambrui. Inakata. Lakini roho yangu haijatulia nayo: injini ya miaka 30 inapiga kelele juu kabisa kutwa nzima, dizeli inakwisha, na sijui kama leo ningemshauri mtu aifuate.

Flaiwili nzito nayo inanipa shida. Inasaidia sana msumeno kuvuka fundo bila kuporomoka mwendo, kwa hiyo kwa miaka mingi niliongeza uzito kwenye shafti. Halafu siku moja gogo la mvinje lilifumba na kubana sahani, nikavuta mkono wa kuzima, injini ikazima, na ule uzito ukaendelea kuisukuma sahani ndani ya mti. Hakuumia mtu. Tangu hapo naongeza kidogo tu, na ulimi wa chuma nyuma ya sahani, ule unaozuia mpasuo usifumbe, siuachi kamwe. Asiyetaka kuuweka, simfungii mashine.

Dizeli za zamani hazizimwi kwa ufunguo. Vuta waya kutoka mkono wa kuzimia wa pampu mpaka pale anaposimama msukuma gogo, na asisimame kwenye mstari wa sahani.

Maji ya rejeta: usitumie ya kisima, visima vingi huku kwetu vina chumvi. Nimefungua bloki ambayo njia za maji zimeziba gamba jeupe kama chokaa ya ukutani. Kinga ya mvua kwenye pipa.

Mnazi una yake. Nje mgumu na mweusi, ndani laini kama sifongo, na unamaliza makali ya meno ya chuma cha kawaida kabla ya chai ya saa nne. Meno ya ncha ngumu yanadumu zaidi, ila bei yake si ya mtu mwenye minazi ishirini. Kwa sasa nawaambia wawe na sahani mbili, moja ikikata nyingine inanolewa kwa tupa. Idadi ya meno nimebadili mawazo mara mbili. Machache yanapita vizuri sehemu ya nje na kuchana ya ndani, mengi yanafanya kinyume chake.

Yule kijana tumemaliza naye hivi: injini tunaiacha kwenye giaboksi yake, fundi wa pampu hapa Malindi anayo pampu mezani tangu jana, na Jumamosi napeleka Ganda puli ya sentimita 30 na mkanda wake mwenyewe. Nimemwomba asiiwashe kabla sijafika.