Shoti, Bakshishi na Birika la Kunawisha: Kazi ya Uhudumu Ilivyo

Nikiulizwa ugumu wa kazi ya uhudumu uko wapi, watu hutarajia nitaje miguu inayovimba na wateja wakorofi. Hayo yapo, nitayafikia. Ila kinachowaondoa vijana wengi kwenye kazi hii ni hesabu za saa sita usiku pale kaunta, na ndiyo maana naanza nazo. Nimehudumu kwenye baa na migahawa ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, nikawa msimamizi wa wahudumu, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kuwafundisha wanaoanza.

Sehemu nyingi zinazouza chakula na vinywaji hapa mjini, mhudumu huchukua mzigo kwa jina lake. Kaunta anaandika: dada fulani, bia nne, soda mbili, maji makubwa moja. Jikoni nako anaandikwa: kuku nusu, chipsi mbili, ndizi moja. Kuanzia hapo deni ni lake. Mteja akilipa, anapeleka hela kaunta na jina linafutwa. Mteja akiondoka kimyakimya, akibishia idadi ya chupa, bili ikijumlishwa vibaya, glasi ikivunjika, au sahani ikifika mezani ikakataliwa, pengo linalobaki wakati wa kufunga ndiyo shoti. Na kwa desturi ya sehemu nyingi, shoti ni ya mhudumu.

Hebu tupige hesabu. Mhudumu analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 26. Siku yake moja ni kama shilingi 7,700. Meza moja ya watu wanne iliyokula na kunywa kwa 60,000 ikimtoroka, siku zake karibu nane zimekwenda. Na faida ya ile meza kama ingelipa isingekuwa yake hata senti. Kwa maneno mengine, ameajiriwa kama mfanyakazi lakini anabebeshwa hatari za mfanyabiashara. Hilo silikubali, na nalisema kwa kila mwenye mgahawa anayeniita kufundisha watu wake.

Sheria nayo haikuliacha hewani. Kwa Tanzania Bara, kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti: mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe, mwajiri aandike chanzo cha hasara, kiasi chake na namna alivyokipata, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato hayatakiwi kuzidi hasara halisi, wala kuvuka robo ya mshahara wa fedha taslimu. Kwa yule wa 200,000, robo ni 50,000. Soma tena hapo penye "kosa lake mwenyewe". Mteja aliyetoka kupitia geti lenye mlinzi wakati mhudumu yuko jikoni anasubiri ndizi, kosa la mhudumu liko wapi?

Najua mambo yanavyokwenda kwa kweli. Wengi hawana mkataba wa maandishi, wanalipwa kwa siku, na shoti inakatwa palepale kabla hata hela haijatua mkononi. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu waandike. Kidaftari kidogo cha mfukoni, tarehe, namba ya meza, kilichokatwa, aliyekata. Mgogoro wa makato unaweza kupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60, na mwenye kumbukumbu anasikilizwa vizuri kuliko anayesema "walikuwa wananikata kila mara". Chama cha wafanyakazi wa hoteli, CHODAWU, nacho kipo. Kwenye hoteli kubwa utakuta wanachama wake, kwenye baa za mitaani ni nadra, na ndiko wanakohitajika zaidi.

Wakati hayo yanasubiri kurekebishwa, kuna kinga ndogondogo za mezani. Bia ifunguliwe mbele ya mteja, siyo kaunta. Uliza kwanza ya baridi au ya moto, maana chupa ikishafunguliwa hairudi. Chupa tupu zibaki mezani mpaka bili ilipwe. Mteja akitaka meza isafishwe, zihesabu pamoja naye kabla hujaziondoa. Na kila meza yako mlinzi aijue. Mwenye mgahawa akitaka kusaidia kweli, aweke utaratibu wa bili kufungwa kwa awamu kwenye meza zinazokaa muda mrefu. Bili ya saa tano usiku iliyoanza saa kumi jioni ni ugomvi unaosubiri kutokea, hata kwa mteja mwaminifu kabisa.

Malipo ya simu yamebadilisha kazi hii kuliko kitu kingine chochote nilichokiona. Zamani mteja alitoa noti ya elfu kumi kwa bili ya elfu nane na mia tano, ukarudisha chenji kwenye kisahani, na mara nyingi kile kisahani kikabaki na kitu. Bakshishi ilikaa kwenye chenji. Sasa mteja anaingiza lipa namba, yaani namba ya mgahawa ya kupokelea malipo ya simu, anaandika 8,500 kamili, anaweka simu mfukoni, anakushukuru na kuondoka. Hana ubaya wowote moyoni, ni kwamba ile nafasi ya kusema "baki nayo" haipo tena. Wahudumu wengi ninaokutana nao wanalalamika wateja wamekuwa wachoyo. Mimi sioni hivyo. Njia ndiyo imefungwa, na ifunguliwe nyingine: kisanduku cha bakshishi pale mlangoni, au mteja anayejisikia amtumie mhudumu kwenye namba yake mwenyewe.

Lipa namba imekuja na wezi wake pia. Mtu anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake, una kiasi sahihi, una jina la mgahawa, unasema malipo yamethibitishwa, kumbe ameuandika mwenyewe au ni wa juzi. Usisome simu ya mteja. Malipo yanathibitishwa na simu ya mgahawa, basi. Sema kwa upole: "Asante kaka, naomba nusu dakika kaunta wanithibitishie." Mwungwana hachukii. Na meneja asiyetaka mhudumu aione ile simu ya malipo, au anayetembea nayo mfukoni wakati yuko nje anapiga soga, asimkate mtu shoti ya aina hiyo.

Kuhusu mgao wa bakshishi, kila nyumba ina desturi yake. Kuna wanaoacha kila mtu na yake, kuna wanaokusanya na kugawa mpaka kwa mwosha vyombo na mchoma nyama. Napendelea kugawana, kwa sababu chipsi zikitoka za moto na kwa wakati, aliyezikaanga naye amechangia ile hela. Ila hesabu iwe wazi, iandikwe ukutani. Kwenye hoteli za watalii kuna bakshishi za kadi zinazoingia benki ya kampuni kwanza. Hapo uliza zinagawiwa lini na nani anashika orodha.

Sasa niseme kwa nini, pamoja na yote hayo, bado naipenda kazi hii na bado nawafundisha watu waifanye.

Ukitaka kujua mhudumu ameiva, mwangalie akinawisha. Panapouzwa ugali, nyama choma au samaki wa kukaanga, mhudumu anatangulia chakula na birika la maji ya uvuguvugu, beseni na sabuni ya maji. Anayejua kazi anaanza kwa mgeni au kwa mzee wa meza. Anasimama ubavuni, beseni analishika chini ya mikono ya mteja na siyo juu ya meza, anamimina kidogo, anasubiri mteja asugue, anamimina tena mpaka povu liishe, kisha anampa tishu. Hachuruzishi tone kwenye nguo ya mtu. Muda huo mfupi, mkono wake ukiwa kwenye birika, macho yake yanafanya kazi nyingine. Anajua nani amewaalika wenzake na ndiye atakayelipa. Anajua nani ana haraka, maana anatazama saa. Anamwona aliyenyamaza tangu afike, na mtoto atakayehitaji kijiko. Akirudi jikoni anamwambia mpishi meza namba saba wana haraka, wape samaki kwanza. Wateja wale watasema tu kwamba pale pana huduma nzuri, hawatajua nini kilifanyika. Mimi kitu hicho kinanifurahisha kila nikikiona.

Salamu nayo ina ujuzi wake. Mzee apewe shikamoo, hilo halina mjadala. Lakini kuna mtu wa makamo aliyetoka na mwenzake mdogo kiumri, na shikamoo ya harakaharaka inaweza kumtia aibu mbele ya mgeni wake. "Karibuni sana" inawatosha wote, halafu unasoma meza.

Na kuna suala la muda. Neno linaloharibu heshima ya wahudumu wa nchi hii ni "inakuja". Kilo ya mbuzi iliyochaguliwa buchani ikiwa mbichi, ikapimwa na kuwekwa kwenye jiko la mkaa, haitoki chini ya dakika arobaini. Mhudumu mwoga anasema dakika kumi na tano, kisha anaanza kuikwepa meza, anapita upande wa pili asiitwe. Mteja anaona. Mwambie dakika arobaini hadi hamsini tangu mwanzo, mpe nafasi ya kuagiza supu au mishkaki iliyo tayari, na kila robo saa nenda jikoni uangalie kwa macho yako ndipo urudi na jibu. Nimeona wateja wakisubiri saa nzima bila kununa kwa sababu waliambiwa ukweli.

Tuzo ya haya yote ni mteja wa kudumu. Anaingia, anauliza kama upo zamu, anakaa upande wako hata kama kuna meza nzuri zaidi kwingine. Hana haja ya menyu. Wahudumu wengi wamepata kazi bora, ada za watoto, hata mtaji, kwa wateja waliowajua mezani. Na lugha: ukipita Malindi ya Kenya au hoteli za pwani ya Zanzibar utasikia vijana wasiokwenda shule ya lugha wakizungumza Kiitaliano na wageni, walichojifunza wakiwa na trei mkononi.

Lakini siwezi kuandika kuhusu wateja nikaacha hili. Dada anayehudumu baa anaitwa baamedi kwa sauti ambayo hakuna anayemwitia karani wa benki, na kuna wanaume wanaodhani bei ya bia inajumuisha kiuno chake. Sheria ile ile ya 2004, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu ya jinsia yake kuwa ubaguzi uliokatazwa. Ninachodai kwa mameneja ni kitu kimoja: dada akisema meza fulani siiwezi, abadilishiwe palepale, aende kaka au aende meneja mwenyewe, bila kuulizwa maswali mbele ya watu. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo jibu lilikuwa "vumilia, huyo anatumia hela nyingi". Wadada watatu wazuri waliondoka ndani ya muda mfupi, na wateja wao wakawafuata walikohamia.

Mwili: viatu vya bapa vyenye soli nene, usisimame umeegemea mguu mmoja, trei nzito ikae kwenye kiganja karibu na bega na siyo kwenye vidole. Kisheria mtu akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60, wiki isizidi saa 45 za kawaida, ziada ilipwe mara moja na nusu, na siku ya sikukuu ilipwe mara mbili. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Idd na Krismasi ndizo siku zetu nzito kuliko zote, hivyo malipo hayo ya mara mbili siyo hela ndogo. Iulizie.

Kwa anayekwenda kuomba kazi wiki hii, uliza mambo manne kabla hujapewa sare. Shoti inashughulikiwaje? Siku za majaribio zinalipwa? NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanakuchangia? Ukitoka saa saba usiku daladala hakuna, bodaboda analipa nani? Usione aibu, meneja mzuri ana majibu. Halafu fika mapema, uangalie wafanyakazi wanakula nini na wanakula saa ngapi. Mahali ambapo wahudumu wanakula wamekaa, kwa zamu, kabla wateja wa jioni hawajafika, nimekuta mara nyingi hata mishahara yao inatoka kwa wakati.