Chai, kahawa na enaji: maswali ya watu wa Kigoma kuhusu kafeini

Kila tukikaa kuongea habari za afya, iwe Mwanga, Gungu au kule Kibirizi kwa wavuvi, maswali ya chai, kahawa na enaji (vile vinywaji vya kuongeza nguvu) hayakosi, na majibu yanayozunguka mtaani mengi ni ukweli uliochanganywa na uongo. Nimekusanya yale yanayorudi rudi. Na niseme mapema, mimi sina ugomvi na kikombe cha kahawa cha wazee wa Ujiji, ninachokiogopa ni zile chupa za enaji ambazo vijana wetu wanakunywa usiku ili wasilale.

Swali: Hivi kafeini ni kitu gani, inafanya nini mwilini?

Ni kemikali iliyomo kwenye kahawa, majani ya chai, soda za kola na enaji. Sasa ukiwa macho toka asubuhi ubongo unajikusanyia kitu kinaitwa adenosini, ikizidi ndo unaanza kupiga miayo na macho yanakuwa mazito. Kafeini inaenda kukaa pale adenosini ilipotakiwa ikae kwahiyo ubongo haupati taarifa kwamba umechoka, lakini uchovu wenyewe upo palepale. Ndo maana kafeini ikiisha unachoka ghafla.

Swali: Nisipokunywa chai asubuhi kichwa kinaniuma mpaka mchana. Nimeshakuwa mlevi wa chai?

Mwili wako umeizoea, hilo ni kweli na halikupaswa kukuaibisha. Mtu aliyezoea kila siku akiacha ghafla, ndani ya saa 12 mpaka 24 kichwa kinaanza kugonga, anakuwa na hasira za bure, usingizi mchana, kazi haiendi, na hali hiyo inaweza kuchukua siku mbili mpaka tisa alafu inaisha yenyewe. Madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013 waliiingiza hali hii kwenye kitabu chao cha magonjwa, ila ule ulevi wenyewe wa kafeini wakasema bado unahitaji utafiti zaidi. Kwahiyo usiifananishe na gongo au bangi, mtu hauzi bati la nyumba kwa sababu ya chai.

Ila angalia kitu kimoja. Wengi kichwa kikiuma wanakimbilia duka la dawa kununua Panadol Extra, wanameza mbili, kichwa kinatulia, wanasema ilikuwa malaria inanyemelea. Kila kidonge cha Panadol Extra kina miligramu 65 za kafeini, kwahiyo ukimeza viwili umekunywa chai yako kwa njia ya kidonge! Na kama unashuku malaria nenda kapime, usikisie.

Swali: Kahawa ya vikombe vidogo pale barazani, nikinywa vinne vitano kwa siku ina madhara?

Kwa mtu mzima mwenye afya kiwango kinachokubalika ni mpaka miligramu 400 za kafeini kwa siku. Kikombe kikubwa cha kahawa, kile cha kama mililita 240, kina takriban 95, cha chai ya majani karibu nusu ya hapo. Vile vikombe vya muuza kahawa mwenye birika la mkaa ni vidogo sana, na kahawa ya kwetu ya vilima vya Kalinzi na Manyovu ni arabika, ambayo kafeini yake ni kama nusu ya ile robusta wanayolima sana Kagera. Mzee kunywa vinne huku anaongea na wenzake hana shida, shida ni kama ana presha isiyotulia au moyo unamwenda mbio, huyo apunguze na aongee na daktari wake. Na kashata zile ahesabu, sukari ni sukari.

Swali: Na enaji je? Sisi wa ziwani na wa bodaboda bila enaji kazi haiendi.

Hapa ndo nataka tukae kidogo. Ukienda Kibirizi alfajiri mitumbwi inaingia utamwona kijana anahesabu hela za dagaa vidole vinatetemeka, macho mekundu, usiku kucha kashushia chupa mbili na hajala kitu. Sio baridi ile, ni kafeini.

Chukua chupa ugeuze usome yale maandishi madogo ubavuni. Ikiandikwa miligramu 32 kwa kila mililita 100, na chupa ni ya mililita 500, umekunywa 160 kwa mkupuo mmoja, tena inanyweka kama juisi ya baridi, sio kahawa ya moto unayopuliza. Ukiongeza ya pili ni 320. Alafu kafeini haitoki haraka, kwa mtu wa kawaida inachukua kama saa tano kupungua nusu, yaani aliyekunywa saa nne usiku, saa tisa usiku bado ana nusu nzima mwilini, akirudi asubuhi anajilaza anagaragara usingizi hauji, jioni anaamka hoi, anaanza na chupa nyingine. Huo mzunguko ndo unaoua watu taratibu, na kwa bodaboda unaua haraka kwa sababu kuna usingizi wa sekunde chache unaokupitia macho yakiwa wazi kabisa na chupa haiuzuii. Kaka yangu wa boda, ukisinzia paki, lala dakika ishirini, abiria atasubiri au apande nyingine.

Kuchanganya na pombe ndo kabisa usijaribu, unajiona hujalewa kumbe pombe ni ileile.

Swali: Kahawa inaleta vidonda vya tumbo?

Hapana. Vidonda vingi vinaletwa na bakteria au kumeza ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Ila kama tayari unavyo au una kiungulia, kahawa inaweza kukuchokoza, hasa tumbo likiwa tupu.

Swali: Nina ujauzito, niache chai?

Sio lazima uache dada, ila kwako mwisho ni miligramu 200 kwa siku maana mimba ikikua kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi na inamfikia mtoto. Enaji achana nazo kabisa. Jambo kubwa kuliko yote kwako ni damu: chai inazuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, na hata kwenye zile fefo, vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Nimeona kina mama wanamezea fefo na chai ya rangi kila asubuhi kisha wanashangaa damu haipandi. Meza kwa maji, chai ngoja saa moja au mbili.

Swali: Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapenda chai na andazi, nimpe?

Usimpe chai mama. Inajaza kale katumbo bila chakula na inambania chuma. Mpe uji wenye karanga au dagaa waliosagwa, au maziwa.

Swali: Nataka kupunguza, naanzaje?

Taratibu. Kama ni vikombe vinne fanya vitatu wiki hii, wiki ijayo viwili, na kuanzia saa nane mchana badili unywe maji au chai ya mchaichai isiyotiwa majani ya chai. Moyo ukienda mbio bila kutulia, kifua kikibana au ukizimia baada ya enaji, usisubiri kupoa, nenda hospitali ya Maweni au kituo cha afya cha karibu na uwaambie ukweli umekunywa chupa ngapi.